Picha ya Mtoto na Kadi ya Mama

Mwaka juzi, katika juma la mwisho la mitihani, alinitembelea ofisini binti mmoja niliyemfundisha miaka ya nyuma. Alikwisha kuajiriwa katika halmashauri, ameolewa, na alikuwa na ujauzito wa miezi saba. Kabla hajaketi vizuri alitoa simu na kunisogezea. “Mwalimu, mtazame mjukuu wako.” Ilikuwa picha ya altrasaundi, ya tatu tangu mimba ilipotungwa, iliyopigwa katika kituo binafsi cha vipimo karibu na stendi. Chini yake paliandikwa maneno machache: jinsi ya kiume, uzito unaokadiriwa, mapigo ya moyo yapo. Nilimpongeza. Niligundua kuwa miguu yake imevimba, nikadhani ni uchovu wa safari.

Majuma matano baadaye mumewe alinipigia simu. Mkewe alikuwa amepata kifafa cha mimba usiku, akafikishwa hospitali akiwa hana fahamu. Mtoto alitolewa akiwa amekwisha kufa. Mama alilala siku sita katika chumba cha wagonjwa mahututi, kisha akarudi nyumbani na mikono mitupu. Nilipokwenda kumpa pole alinionyesha kadi yake ya kliniki, na baadaye akaniruhusu kuyaandika haya maadamu simtaji yeye wala vituo alivyopita. Alihudhuria kliniki mara tatu. Safu ya shinikizo la damu ilijazwa mara moja tu, mwanzoni, katika juma la kumi na sita. Safu ya mkojo haikujazwa kabisa. Alipouliza mara ya pili aliambiwa mashine ya presha ni mbovu, na mara ya tatu foleni ilikuwa ndefu mno. Hakuhangaika, kwa kuwa picha zilimwambia mtoto ni mzima. Na kweli, siku zile tatu zilipopigwa, mtoto alikuwa mzima.

Picha tatu za mtoto, kipimo kimoja cha shinikizo la damu la mama. Mimi si daktari. Ninafundisha sera za umma. Lakini nimeitazama kadi ile kama ambavyo ningeitazama bajeti ya taifa, na ninaona ndani yake mpangilio wa vipaumbele ambao haukuanzishwa na muuguzi yule wala na binti yule.

Tumejenga dhana kwamba kuipima afya ya mtoto aliye tumboni ni kumtazama mtoto. Dhana hiyo ina nusu ya ukweli. Mtoto huyo hupumua kwa damu ya mamaye na hula kwa kondo la nyuma lililojishikiza katika ukuta wa mfuko wa uzazi wa mamaye. Sehemu kubwa ya yale yanayomwua katika nchi zetu hujionyesha kwanza katika mwili wa mama: presha inayopanda kimya kimya, protini katika mkojo, upungufu wa damu, kaswende, malaria, kisukari cha mimba. Vipimo vya mambo hayo ni mkanda wa kufunga mkononi, kijiti cha kuchovya kwenye mkojo, tone la damu kidoleni. Havina picha ya kutuma kwa mashangazi.

Mfano wa kaswende unanisumbua kuliko yote, kwa sababu tulifundishwa na utafiti uliofanyika hapa hapa nyumbani. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti kutoka mkoani Mwanza uliowafuatilia wanawake ambao hawakuwahi kupimwa ugonjwa huo wakati wa ujauzito. Watafiti walikadiria kwamba asilimia 51 ya vifo vya watoto waliozaliwa wafu katika kundi hilo vilitokana na kaswende ya mama. Nusu! Na tiba yake ni sindano ya penisilini ya benzathini, dawa ya zamani na ya bei ndogo, ambayo mama akichomwa mapema humponya yeye na kumlinda aliye tumboni. Tangu wakati huo kipimo cha haraka kimeenea katika zahanati, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, kila vitendanishi vinapoisha na boksi kubaki tupu kwa mwezi mzima, hatusikii kelele inayolingana na ile tunayoisikia mheshimiwa anapokata utepe wa mashine mpya.

Nisieleweke kwamba ninaibeza mashine. Historia yake yenyewe ni ya kusisimua. Ian Donald, profesa wa uzazi huko Glasgow, alikuwa amehudumu katika jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili na alivijua vyombo vya rada. Mwaka 1955 alichukua uvimbe uliokatwa kutoka kwa wagonjwa wake, akaupeleka katika kiwanda cha kutengeneza mitambo ya mvuke ili uchunguzwe kwa kifaa kilichotumiwa kutafuta nyufa ndani ya chuma. Mawimbi ya sauti yasiyosikika yalipenya, yakarudi, yakachora tofauti kati ya uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama. Mwaka 1958 yeye, John MacVicar na mhandisi Tom Brown walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet, pamoja na taswira ya mtoto tumboni. Chombo cha kukagulia vyuma kikawa dirisha la uhai.

Dirisha hilo lina kazi zake zisizoweza kufanywa na mkono. Altrasaundi inayopigwa mapema hukadiria umri wa mimba kwa kukosea siku chache tu, ilhali ile ya miezi ya mwisho inaweza kukosea kwa majuma mawili au matatu. Jambo hili si dogo: mkunga asiyeujua umri wa mimba hawezi kujua kama mtoto mdogo ni njiti au ni mtoto aliyetimiza miezi yake lakini akadumaa tumboni. Hugundua mapacha, mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, na kondo la nyuma lililoziba njia, ambalo lisipojulikana mapema mama anaweza kumaliza damu yake njiani kwenda hospitali. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilipendekeza kipimo kimoja cha altrasaundi kabla ya juma la 24. Kimoja, tena mapema. Mwongozo huo huo ulipendekeza mama aonwe na mtoa huduma mara nane. Sisi mijini tumeupindua: picha nyingi, mahudhurio machache, na picha yenyewe hupigwa mwezi wa saba, pale ambapo jinsi ya mtoto huonekana vizuri na umri wa mimba haukadiriki tena kwa uhakika.

Kuna utafiti ambao ningependa kila mjumbe wa kamati ya bunge inayoshughulikia afya ausome kabla ya kuidhinisha ununuzi mwingine. Ulifanyika katika nchi tano, zikiwamo Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Baadhi ya maeneo yalipelekewa mashine za altrasaundi, wahudumu wakafundishwa kuzitumia, na maeneo mengine yakaendelea kama kawaida. Matumaini yalikuwa kwamba akina mama wangevutwa na picha waje kliniki, matatizo yangegunduliwa, na vifo vingepungua. Havikupungua. Mahudhurio hayakuongezeka, wala kujifungulia hospitalini hakukuongezeka. Mashine zilifanya kazi na wahudumu walijifunza vizuri. Kilichokuwa kimebaki vile vile ni mambo yanayofuata baada ya kugundua: gari, chumba cha upasuaji, damu salama, daktari aliye macho saa tisa usiku.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kipimo ni swali ambalo nchi inajiuliza. Jibu lake ni huduma. Tumekuwa hodari wa kununua maswali.

Na nitoe sifa pale inapostahili. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto, vifo vya uzazi nchini Tanzania vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Wanawake waliohudhuria kliniki mara nne au zaidi wameongezeka kutoka asilimia 51 hadi 65 katika kipindi hicho. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, ambao mwananchi huuita kwa kupiga 115 bila malipo, ni mfano wa huduma inayofuata baada ya kugundua, na ningependa kuona fedha zaidi zikielekezwa huko. Lakini mara nne si mara nane, na asilimia 65 ina maana kwamba mwanamke mmoja katika kila watatu hafikishi hata hizo nne. Aidha, takwimu hizi huhesabu mahudhurio; haziniambii ni safu zipi za kadi zilizojazwa. Binti yangu yule, kwa mahudhurio yake matatu, amehesabiwa upande wa wasiofikisha. Angefikisha manne na safu zikabaki tupu, tungemhesabu kuwa ni mafanikio.

Suala la mgongo wazi linaonyesha ugumu huu kwa namna nyingine. Wanaofika Taasisi ya Mifupa Muhimbili huwaona watoto hao na wenzao wenye vichwa vikubwa, pamoja na mama zao waliosafiri kutoka mikoani. Altrasaundi ya katikati ya ujauzito, mikononi mwa mtu mwenye ujuzi, huweza kuigundua hali hiyo. Ni vema igundulike, ili mama ajifungulie mahali penye daktari wa upasuaji. Lakini mrija wa neva ambao hutengeneza uti wa mgongo na ubongo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki ambavyo mama hupewa kliniki mwezi wa nne vina faida nyingine nyingi, ila kwa mgongo wazi vimekwisha kuchelewa. Tangu mwaka 1991, utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Uingereza ulipoonyesha kwamba foliki inayoanzwa kabla ya mimba hupunguza kujirudia kwa kasoro hizo kwa asilimia 72, dunia inajua kwamba dawa ya tatizo hili imo jikoni. Afrika Kusini ililazimisha uongezaji wa foliki katika unga wa mahindi na mkate mwaka 2003, na kasoro hizo zikapungua kwa takriban theluthi moja. Nasi tulianza mwaka 2011 kwa viwanda vikubwa. Unga wa viwanda vikubwa hauliwi na kila mtu. Mamilioni ya wananchi hupeleka debe lao la mahindi kwenye mashine ya kusaga ya kijijini, na hapo hakuna virutubishi vinavyochanganywa isipokuwa pale mradi fulani ulipopita. Kwa hiyo utabiri ulio bora kuliko wowote wa nani atazaa mtoto mwenye mgongo wazi hautoki kwenye chumba chenye giza na jeli baridi tumboni. Unatoka kwenye ramani ya mashine za kusaga.

Yapo pia maswali ambayo teknolojia imetuletea na ambayo sheria zetu zinajifanya haziyasikii. Tangu Dennis Lo na wenzake walipoonyesha mwaka 1997 kwamba chembe za vinasaba vya mtoto huelea katika damu ya mama, imewezekana kuchukua damu ya mkono wa mama na kuchunguza kromosomu za mtoto. Kipimo hicho kiliingia sokoni mwaka 2011. Kabla yake kulikuwa na kutoa maji ya uzazi kwa sindano kuanzia juma la 15, au chembe za kondo kuanzia juma la 11, njia ambazo zina hatari ndogo ya kuharibu mimba. Denmark iliamua mwaka 2004 kuwapa wajawazito wote nafasi ya uchunguzi, na idadi ya watoto wanaozaliwa na sindromu ya Down ikashuka ghafla. Wenye uwezo hapa kwetu tayari hupima damu zao na sampuli husafirishwa ng'ambo. Halafu?

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, urithi wa utawala wa kikoloni, inakataza kutoa mimba katika kifungu cha 150, na kifungu cha 230 kinamlinda daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Juu ya mtoto ambaye altrasaundi imeonyesha hana fuvu wala ubongo, na ambaye hataishi zaidi ya saa au siku chache, sheria iko kimya, kwa kuwa ilipoandikwa hapakuwa na jicho la kumwona. Wakenya walau waliliweka suala la afya ya mama katika Ibara ya 26 ya Katiba yao ya 2010, na bado wanabishana mahakamani. Sisi hatubishani. Wazazi hupewa habari, hufungiwa mlango, na kila mmoja hutafuta njia yake kwa kadiri ya mfuko wake: tajiri kwa ndege, maskini kwa uchochoro, wengi kwa kubeba hadi mwisho bila mtu hata mmoja wa kuzungumza nao. Sina jibu la kumpa Bunge kwa kifungu na kifungu kidogo. Ninachodai ni kwamba Bunge lilizungumze, na kwamba hospitali inayotoa habari ya namna hiyo iwe na mshauri nasaha na utaratibu wa kumsindikiza mama, vyovyote sheria itakavyokuwa.

Nina hofu nayo pia, na ni haki niiseme. Wanafunzi wangu wenye ulemavu huniuliza: tukijifunza kuwagundua watu kama sisi kabla hatujazaliwa, je, nchi ambayo haijatujengea hata njia ya kiti cha magurudumu itaendelea kutujengea chochote? India ilitunga sheria mwaka 1994 kukataza kutaja jinsi ya mtoto, baada ya altrasaundi kugeuzwa chombo cha kuwafuta watoto wa kike, na bado pengo la idadi yao limebaki. Chombo kile kile, jamii ileile na upendeleo wake wa kale. Ugonjwa wa selimundu utatufikisha huko huko. Inakadiriwa watoto wasiopungua 11,000 huzaliwa nao nchini kila mwaka. Ni rahisi zaidi, na kwa maoni yangu ni adilifu zaidi, kumpima kila mtoto mchanga kwa tone la damu la kisigino na kumwanzishia matibabu mapema, kuliko kumchoma mama sindano ya tumboni kisha kumwacha na jibu asiloweza kulifanyia kitu.

Niharakishe kwenye chumba cha kujifungulia, maana mtoto hufuatiliwa mpaka dakika ya mwisho. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba zaidi ya asilimia 40 ya watoto wanaozaliwa wafu duniani hufa wakati uchungu umekwisha kuanza, yaani walifika mlangoni wakiwa hai. Katika nchi tajiri mama hufungwa mashine inayochora mapigo ya moyo wa mtoto mfululizo. Uchambuzi wa tafiti umeonyesha kwamba kwa kulinganisha na kusikiliza kwa vipindi, mashine hiyo hupunguza degedege za watoto wachanga lakini haipunguzi vifo vyao, huku ikiongeza upasuaji. Maana yake ni kwamba kile kipembe cha mbao au alumini alichokibuni Mfaransa Adolphe Pinard mnamo 1895 hakijapitwa na wakati, mradi pawe na sikio la kukiwekea. Na chati ya kufuatilia uchungu, partografu, ilikuzwa na kina Philpott mwaka 1972 katika jiji tunaloliita leo Harare, kwa sababu wakunga wa vituo vya pembezoni walihitaji kujua ni saa ngapi ya kumpeleka mama mbele. Ni kalamu na karatasi. Lakini kusikiliza kila baada ya nusu saa hakuwezekani kwa mkunga mmoja mwenye akina mama saba, naye ndiye anayepokea, anayeandika, anayeosha na anayefunga mlango. Wengi hujaza chati baada ya mtoto kuzaliwa, ili karatasi ikamilike. Siwalaumu. Nimewahi kusahihisha insha 400 peke yangu na ninajua mkono hufanya nini unapochoka.

Tunaingia katika zama za Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Sera yetu tangu 2007 inasema huduma za mjamzito ni bure, na kila aliyejifungua anajua orodha ya vitu alivyoambiwa aje navyo. Huu ndio wakati wa watumishi wenzangu wa umma kuandika, kwa maneno yasiyo na mkato, kwamba kitita cha bima kinalipia altrasaundi moja kabla ya juma la 24 kwa kila mwanamke, mjini na kijijini. Kwamba kituo hakilipwi kwa hudhurio la kliniki ambalo kadi yake haina shinikizo la damu na mkojo. Na kwamba vituo binafsi vya picha, ambavyo vimeota kila penye stendi, vinalazimika kupima presha ya mama kabla ya kumpaka jeli. Hili la mwisho litapigiwa kelele na wafanyabiashara. Litamgharimu kila mmoja wao mkanda mmoja na dakika tatu.

Wanafunzi mnaoniandikia kuuliza mfanye utafiti gani wa shahada, nendeni mkahesabu safu tupu. Ombeni kibali, chukueni kadi mia mbili katika wilaya moja, mwone ni ngapi zina presha katika kila hudhurio. Mkimaliza, pelekeni matokeo kwa madiwani kabla ya kikao cha bajeti, siyo baada yake.

Binti yule ana ujauzito tena, juma la 22. Safari hii anameza aspirini ya kiwango kidogo aliyoandikiwa na daktari tangu mwezi wa nne, na amenunua mashine yake ya presha kwa mshahara wake. Hupima asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari la shule. Juzi alinisomea kwenye simu namba za juma zima, moja baada ya nyingine, nami nikazisikiliza zote.